Vuta Mkanda Mpaka Mwisho

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali hapa Tabora nilifika na ovaroli mpya, nikitarajia kukabidhiwa spana. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, akanipeleka kwenye gari bovu akaniambia nipige magoti ninuse kapeti. Nilidhani ananichezea. Kumbe alitaka nimwambie gari lile lilikuwa likiishi wapi, kabla ya kuuliza linaumwa nini. Nilikosea, naye akafurahi, maana alipenda kufundisha waliokosea.

Kwake nilijifunza kwamba injini huangaliwa ikiwa baridi. Muuzaji mjanja huiwasha mapema ili isimwaibishe mbele ya mteja, kwa hiyo weka kwanza kiganja juu ya boneti. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Shukuru, uage, uende zako. Nilipohamishiwa Igalula, fundi mkuu wa huko alinizoesha kuinua sakafu ya nyuma, pale tairi la akiba linapolala, kwa sababu watu hupaka rangi milango wakasahau shimo lile.

Mkanda nilifundishwa Nzega. Mvua zikinyesha, magari hunasa kwenye makorongo ya mbugani, na Msimamizi wa Mitambo, mama mmoja asiyecheka ovyo, alikuwa na neno lake: “Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Viti huoshwa, mkanda husahaulika.” Maji ya tope yakishakauka huacha mstari juu yake, na ukiufuata utajua yalipanda hadi wapi.

Nimestaafu, lakini wanaotaka kununua gari bado hunifuata. Mwaka jana alikuja Mama Shija, Mnyamwezi mfuga nyuki wa Ipole, pamoja na mumewe aliyepata kiharusi. Kila siku ya kliniki makondakta humpandisha mzee basini kwa kumshika makwapa na miguu, naye hufumba macho mpaka afikishwe kitini. Mama Shija hakuweza tena kulitazama jambo hilo. Alikuwa amepata kigari kifupi, kile cha mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, ambacho kiti chake kiko chini kiasi cha mzee kuweza kujikalisha mwenyewe. Muuzaji alikuwa Kibwana, Mzaramo mwenye duka la vitambaa mjini. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Hutukanana mchana kutwa, na hakuna anayekasirika wala anayeamini.

Mzee alijikalisha kweli. Hata mlango aliuvuta mwenyewe, na mkewe akageuka pembeni kuficha uso. Nami nikaanza kazi. Boneti baridi, oili safi, shimo la tairi limefagiwa kuliko inavyostahili. Nikavuta mkanda wa nyuma mpaka mwisho, nikaukuta mstari mweusi, juu kuliko kiti.

Nilimuuliza Kibwana mbona hakusema.

“Nilisema siku ya kwanza,” akajibu. “Nilimwambia, mtani, gari hili limeshaogelea, litawafia njiani. Akacheka mpaka akajifuta machozi.”

Mama Shija akakiri. Alikuwa amemjibu kwamba Wazaramo hata magari yao yanajua kuogelea.

Mpaka leo sijui kama yule bwana alikuwa mkweli au mjanja. Wakubwa wangu wote walinifundisha kuchunguza gari. Hakuna aliyeniambia niulize kama muuzaji na mnunuzi ni watani. Siku hizi ndilo swali langu la kwanza, na ninyi mnaoanza kazi hii msilione dogo.

Nilimweleza Mama Shija kwamba waya zikishalowa huoza taratibu, na gari likizima katikati ya msitu wa Ipole mzee atakwama humo. Akalikataa. Mumewe, aliyekuwa akisikia yote kutoka kitini, akasema polepole, “Naomba nikae kidogo.”

Tukamwacha akae. Baadaye Kibwana akaliwasha, akatupeleka sote stendi. Makondakta walipokuja akawazuia kwa mkono, tukamshika mzee sisi wawili, Kibwana makwapa, mimi miguu. Mzee akafumba macho. Kibwana, ambaye hajawahi kukosa neno la kumtania Mnyamwezi, alikuwa kimya.