Gari Lililomleta Baba Nyumbani

Harufu ya vanishi hunifikia kabla ya harufu nyingine yoyote, hata pale ambapo wenzangu husema hawaisikii. Jumamosi iliyopita ilinikuta mjini Kakamega, katika uwanja wa kuuzia magari yaliyotumika, nikiwa nimefungua mlango wa nyuma wa stesheni wagoni moja ya rangi ya majivu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya seremala, na seremala huyo alikuwa akipaka jeneza vanishi yake ya mwisho kwenye jua. Upepo ukaivusha harufu barabara, ikaingia ndani ya gari na kuchanganyika na joto la viti vilivyofungiwa tangu asubuhi. Nikabaki nimesimama, mkono mlangoni, mke wangu akidhani nachunguza kutu.

Mke wangu na binti zetu wawili walikuwa wamekwisha kulihukumu gari lile. Wao walitaka gari lililoinuka, ambalo mtu akishuka kutoka ndani yake uani pa kanisa, kila aliyepo ataona kwamba ameshuka. Binti mkubwa alisema stesheni wagoni ni gari la matanga. Shemeji yangu alikuwa amenipigia simu mapema kunieleza jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi: kwamba magari ya namna hiyo mtu mwenye akili hayanunui, huyakodi siku ya msiba tu. Niliwasikiliza wote kwa adabu. Mimi ni mkaidi katika mambo machache, na hili ni mojawapo. Naomba msomaji anipe nafasi nieleze kabla hajaniweka katika fungu la wabahili.

Nilikuwa na miaka tisa, nasi tuliishi Shianda, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara ya lami, miwa ikiwa imetuzunguka pande zote. Baba alikuwa dereva wa trekta la kusomba miwa. Barabara ya kuja kwetu ilikuwa ya udongo, na matrekta yalikuwa yameichimba makorongo marefu yaliyojaa maji kuanzia mvua za Aprili. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba Baba mwenyewe alishiriki kuiharibu njia ya kufika nyumbani kwake. Mama alipomkumbusha hilo, Baba alikuwa akicheka na kusema kwamba barabara mbaya humzuia mgeni asiyekupenda.

Baba aliugua wiki mbili tu. Siku ya kumleta kutoka mochari ya Kakamega ilinyesha tangu alfajiri. Magari yaliyotufuata yalinasa penye kijito moja baada ya jingine, waombolezaji wakavua viatu, wakapandisha nguo, wakaendelea kwa miguu wakiimba. Gari lililofika lilikuwa moja: stesheni wagoni ya kijani ya Bwana Athumani, mfanyabiashara wa Mumias, ambayo magurudumu yake yote manne yalisukuma kwa pamoja. Watu walilishangaa wakaliita forwili. Ndani yake tulikuwa sisi na jeneza. Vanishi ilikuwa bado mbichi, ikaniachia doa la hudhurungi kwenye kiwiko cha sweta, doa ambalo halikutoka kamwe. Mama alikuwa ameketi ubavuni mwa jeneza, amempakata dada yangu Respa, analia. Penye kijito aliacha kulia. Alitazama nje, akayatazama matope, akautazama mkono wa dereva uliokuwa ukibadilisha gia. Gari likaupanda mwinuko wa ng'ambo ya kijito kana kwamba ni sakafu ya saruji. Kisha akaendelea kulia. Nililiona hilo na sikulielewa, na nadhani nilimkasirikia kidogo.

Respa alikuwa na miaka saba. Polio ilikuwa imeudhoofisha mguu wake wa kulia, nao ulifungwa vyuma viwili kutoka gotini hadi kwenye soli ya kiatu. Alipokuwa hai, Baba alimpeleka shuleni kwa trekta kila asubuhi, binti akiwa ameketi juu ya madigadi ya gurudumu kama chifu. Baada ya msiba, Mama alimbeba mgongoni hadi shuleni, kwenye barabara kuu, akarudi, akalima, akaenda tena kumchukua. Respa alizidi kukua na mgongo ukabaki uleule. Wakati wa mvua walianguka mara nyingi, hadi Mama akawa anaweza kumpeleka siku mbili au tatu tu kwa wiki. Mwalimu mkuu akamwita na kumwambia, kwa upole lakini waziwazi, kwamba mtoto akikosa masomo muhula mwingine kama huo, nafasi yake itapewa mwingine. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alipopata habari alisema basi na akae nyumbani, afundishwe kusuka mikeka. Mikono yake, alisema, haina kasoro.

Juma lililofuata Mama aliuza ng'ombe wawili, akaenda Mumias kumtafuta Bwana Athumani.

Kununua gari halikuwa jambo la kufanywa na mwanamke peke yake, kwa mawazo ya wakati ule, na gari likaletwa kwanza nyumbani ili ukoo ulitazame. Baba Mkubwa alivaa koti lake la misa siku ya Jumamosi, akakaa kwenye kiti chenye mikono chini ya ukingo wa paa. Bwana Athumani alisalimu kwa salaam yake, akakataa chai mpaka maneno yaishe, na akasema jambo ambalo sijasikia mwuza gari mwingine akilisema hadi leo. Alisema yeye hauzi siri. Gari lile limebeba maiti za watu wa dini mbalimbali, na kama nyumba hii ina uzito na hilo, atalirudisha Mumias bila kinyongo.

Baba Mkubwa alimgeukia Mama, kama afanyavyo mtu aliyeletewa hukumu ikiwa tayari imeandikwa.

"Umesikia, Mama Respa," akasema. "Gari kama hii hukumbukanga njia. Ilimpeleka ndugu yangu kaburini, na sasa unataka kuipakia watoto wake."

Mama alikuwa amesimama, maana hakuna aliyemwambia aketi. Sauti yake haikupanda.

"Shemeji, halikumpeleka kaburini. Lilimleta nyumbani. Kaburini mlimpeleka ninyi, kwa mikono, na mikono hiyohiyo mmeilia obusuma niliousonga mimi leo mchana."

Mtu mmoja alikohoa. Bwana Athumani aliangalia viatu vyake kwa bidii kubwa. Baba Mkubwa alisema kwamba watoto wake yeye hawatapanda kamwe gari lile, naye Mama akajibu kwamba hakukusudia kuwaalika. Chai ikaletwa. Gari likabaki.

Baba Mkubwa alipoondoka alinishika bega, akanipeleka hadi kwenye ua. Akaniambia kwamba mwanamume wa boma lile sasa ni mimi. Mama yangu ameshindwa na huzuni, na iwapo nitakubali kupanda, Baba ataniita kupitia gari lile kama mtu anavyoitwa kwa filimbi. Sikumchukia kwa maneno hayo, wala simchukii leo. Aliamini alichokisema, akakiishi. Nami nikaapa, kwa uzito wote wa miaka tisa, kwamba sitapanda.

Siku nne za kwanza za shule hakuna aliyepanda. Mama alikataza hata kuligusa. Baba alikuwa amemfundisha kuendesha walipooana, kwenye uwanja wa mpira, kwa hiyo haikuwa kwamba hajui. Alisema tu kwamba kuna mahali panapogonga garini na anapatafuta. Alilisugua ndani kwa maji ya moto na sabuni ya mche, akalianika milango yote ikiwa wazi, akalisugua tena. Siku ya tatu, Jumatano, nilitoka shuleni mchana nikakuta boma limenyamaza. Kuku walikuwa wakiparura majani ya miwa. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa umeinuliwa, na kutoka ndani yake zilionekana nyayo mbili. Nikakaribia. Mama alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya nyuma, viti vimekunjwa, mikono imenyooshwa ubavuni, macho wazi yakitazama paa. Viatu vyake alikuwa amevipanga chini, kimoja kando ya kingine, kama mtu aliyeingia mahali pa kuvulia viatu.

Nikamwuliza anafanya nini.

"Nasikiliza panapogonga," akasema, bila kugeuka. "Nenda ule."

Nikaenda nikala.

Ijumaa alimfungulia Respa mlango wa mbele, akamweka kwenye kiti, na akanitazama. Nikamwambia nitatembea. Nilitegemea kuchapwa, na nilikuwa nimejiandaa kuchapwa kishujaa. Akasema njia ni yangu pia, akawasha gari.

Nilitembea wiki mbili. Mama alipunguza mwendo kila aliponipita ili asinirushie matope, na wema huo uliniumiza kuliko kiboko. Wenzangu waliniuliza kwa nini natembea na kwetu kuna gari. Nikawajibu kwamba mimi si maiti. Jibu hilo lilinipatia sifa kwa siku moja. Baada ya hapo wakaanza kumwita dada yangu Marehemu. Walimwuliza kila asubuhi Marehemu ameamkaje. Respa aliwajibu kwamba Marehemu ameamka vizuri na miguu yake ni mikavu, yao je? Lakini nilimwona siku moja akilia nyuma ya darasa, na nilijua jina lile lilitoka kinywani mwa nani.

Siku ya mitihani ya kufunga muhula mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikuwa nimefika karibu na kijito, matope magotini, nikasikia gari nyuma yangu. Halikunipita. Lilisimama, mlango ukafunguka, na Respa akashuka, mguu wa chuma ukitangulia. Mama alimwita kwa jina lake mara moja tu. Respa akasema, akinitazama mimi, wala si Mama:

"Kama huyu hapandi, nami sipandi. Nisiitwe Marehemu peke yangu."

Akaanza kutembea. Alipiga hatua tano, labda sita. Mguu wa chuma ukazama hadi gotini, akaanguka kwa mikono yote miwili, kalamu na rula vikatumbukia majini. Hakulia. Alijaribu kuung'oa mguu kwa kushika vyuma, kama mtu ang'oaye mhogo. Mama alikuwa ameshikilia usukani, midomo imefungwa, hakushuka. Nimejiuliza mara nyingi ni nguvu gani ilimbakiza kwenye kiti kile. Nilirudi mimi. Nikauchimbua mguu ule kwa vidole, nikambeba dada yangu, naye akanikumbatia shingo kwa hila ambayo nina hakika ilikuwa imepangwa, maana nilipofika mlangoni hakuniachilia. Ilibidi niingie naye.

Ndani palinuka sabuni, na chini ya sabuni, mbali kidogo, vanishi. Nilikaa nikisubiri kuitwa. Gari likaingia kijitoni, magurudumu manne yakashika, tukapanda. Hakuna aliyeniita. Nilichokisikia ni Respa akiuliza kama nina kalamu ya ziada.

Alifanya mtihani. Leo ni daktari wa mifupa, na anatembea vibaya kuliko wagonjwa wake, jambo ambalo yeye mwenyewe huwaambia ili wacheke. Baba Mkubwa hakupanda gari lile maisha yake yote, nami namheshimu kwa hilo, maana ni wachache wanaotembea kwa miguu kwa ajili ya wanachokiamini. Alipofariki aliacha wosia kwamba abebwe na gari jingine. Gari hilo jingine lilinasa penye kijito. Mama alitoa kamba, akaifunga mwenyewe, akalivuta kwa gari letu hadi juu, huku waombolezaji wakiendelea kuimba kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hizi kama kisa cha mwanamke asiyeamini ushirikina. Nimesoma vitabu vingi vinavyousifu ujasiri wa namna hiyo, ujasiri wa mtu anayejua kwamba giza halina kitu ndani yake. Nilikuwa mtu mzima, tena baba wa watoto, nilipotambua siku moja, nikiwa nanawa mikono tu, kwamba Jumatano ile nilisikia kuku. Nilisikia hata makucha yao kwenye majani makavu. Gari lilikuwa limezimwa.

Mama aliamini kila neno la Baba Mkubwa. Kama kulikuwa na mwito katika gari lile, alitaka umkute yeye kwanza, amelala palepale mumewe alipolala, kabla haujamfikia mtoto. Aliupa siku nne. Ulipokosa kumchukua, akamfungulia Respa mlango. Huenda pia alitaka kulala kando ya mumewe mara moja zaidi. Hilo ni lake, na ingawa bado yuko Shianda na masikio yake ni mazima, sijamwuliza wala sitamwuliza. Lakini tangu siku hiyo sina subira na wale wasemao kwamba shujaa haogopi, wala na wale wanaochagua gari la familia kwa kufikiria macho ya majirani.

Jumamosi ile, basi, nilivikunja viti vya nyuma. Nikavua viatu, nikavipanga chini, nikaingia, nikalala chali. Binti zangu waligeuka wakajifanya hawanijui. Mwuzaji, kijana mwenye tai, akainama mlangoni kwa wasiwasi.

"Mzee, kuna shida?"

"Nasikiliza panapogonga."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu wa kijijini.

"Lakini injini haijawashwa, mzee."

"Najua," nikamwambia. "Nipe dakika chache."