Swichi ya Vita

Mtaani walimwita Kimya. Akija kutengeneza jenereta yako atakusalimu, atauliza, "Imeanza lini?" na baada ya hapo utasikia spana tu. Wenye utani walisema mdomo wake umeshika kutu, utiwe dizeli kidogo. Naye alicheka chini chini, akaendelea kulegeza nati.

Kazi hiyo alifundishwa na kaka yake, mwanajeshi mstaafu aliyetunza jenereta za kambi mpaka sikio lake moja likafa kwa kelele. Jeshi lilipoanza kuuza mitambo yake ya zamani kwa mnada, wanunuzi walimfuata yeye awachagulie. Zilikuwa jenereta za chuma kizito, rangi ya majani makavu, zinazowashwa kwa betri mbili zilizoungwa pamoja. Ukizifungia betri moja kama ya gari, zinakohoa tu na kunyamaza.

Kwenye ubao wa swichi, chini ya kifuniko chekundu, kulikuwa na swichi ambayo jenereta za dukani hazina. Kwa kawaida mashine ile hujizima yenyewe presha ya oili ikishuka au joto likizidi, ili injini isife. Lakini vitani kuna saa ambayo ni afadhali injini ife kuliko watu. Swichi ile huiambia mashine: usijizime, liwalo na liwe. Mafundi waliiita swichi ya vita.

Uraiani ikawa balaa. Mwenye mashine ya kusaga, akiona jenereta inajizima na wateja wamejaa mlangoni, alifungua kifuniko akaiwasha. Jioni injini imekwama, imekuwa jiwe. Ndiyo maana kaka mtu aliweka desturi: kila mashine iliyopita mikononi mwake aliifunga kifuniko kile kwa waya wa shaba, akazisokota ncha kwa koleo.

"Mashine ikijizima inakuambia inapoumwa," alikuwa akisema. "Mgonjwa hazibwi mdomo."

Kimya alirithi koleo na desturi. Akikuta waya umekatwa, alikusanya vyombo vyake akaondoka bila ugomvi, mwenye mashine akabaki akiomba radhi nyuma yake.

Jenereta moja kaka yake hakuiuza. Aliipa jina Sajini, akaiweka uani na kuipangusa vumbi kama mtu anayemwogesha mtoto. Alipofariki, mjane wake aliitoa kwa hospitali ndogo ya mwisho wa barabara, kwa sharti kwamba Kimya ndiye ataihudumia. Umeme ulipokatika, Sajini alinguruma, na mjane akasema jikoni kwake, "Mume wangu huyo, anakoroma." Naye Kimya, popote alipokuwa, aliweka spana chini kwanza, akasikiliza.

Asubuhi moja shemeji yake huyo alishikwa na tumbo hata akashindwa kusimama. Daktari alimpima, akasema utumbo umejisokota, hakuna kungoja. Kimya alitembea kando ya kitanda cha magurudumu, kofia mkononi.

"Shemeji, ukitetemeka hivyo mimi nitatulizwa na nani?" mjane alisema huku jasho likimtoka. "Nipe basi hata neno moja."

"Utapona."

"Kweli ni moja! Bahili wewe."

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Kazi ikiwa katikati, umeme ulikatika. Mlinzi wa hospitali alimwasha Sajini, akaitika vizuri, kisha akajizima. Akamwasha tena, akajizima tena. Kimya alikuwa ameshaingia kwenye banda la jenereta. Dizeli ilikuwepo. Betri zilisukuma. Maji ya redieta yalijaa, na oili ilifika alama. Iliyowaka ilikuwa taa ya presha ya oili.

Pengine kipima presha kinadanganya. Amewahi kuona hivyo. Kama kinadanganya, kukipuuza hakuna hasara. Aliunga geji yake mwenyewe pembeni ya kipima kile, akaomba moyoni kiwe kinadanganya, akawasha. Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukaanza kuporomoka. Chini ya mngurumo aliusikia mgongano mzito wa chuma kwa chuma. Sajini akajizima. Hakuwa amedanganya. Beringi zilikuwa zimekwisha, na kuzibadilisha ni kuishusha injini nzima.

Nesi alitoka mbio. "Fundi, tumbo liko wazi na damu inatoka, daktari haoni inatokea wapi! Tunammulikia kwa tochi. Anataka taa, na mashine ya kuvuta damu."

"Si ipo ile swichi?" mlinzi aliruka. "Kata waya, mzee!"

"Nikikata, akisimama hatawaka tena."

"Sasa unamhurumia nani, chuma au shemejio?"

Hakuwa akikihurumia chuma. Alikuwa akipima. Waya ukibaki, angeweza kumpa daktari mwanga wa kukatika-katika, kidogo kidogo. Ukikatwa, ni mwanga mmoja tu, usiojulikana utaishia wapi. Ukiishia katikati, amemwua mke wa kaka yake kwa koleo la kaka yake.

"Akipewa mwanga wa kuwaka na kuzimika, ataweza?" alimwuliza nesi.

"Hataweza."

Kimya alichukua koleo. "Basi zimeni kila kitu kingine. Friji, pampu ya maji, taa za wodi. Mwambie daktari mwanga ninaompa ni mmoja. Ukizimika haurudi."

Mlinzi alimtazama. Hajawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho.

Waya uliosokotwa na kaka yake ulikuwa umeshakuwa mweusi. Aliukata. Aliongeza oili nzito ya lori ili kuisaidia presha, akafungua kifuniko, akaiwasha swichi ya vita, kisha Sajini.

Alisimika ncha ya spana ndefu kwenye ubavu wa injini na kuegemeza sikio kwenye mpini, kama mafundi wanavyosikiliza. Mgongano ulizidi. Ukawa nyundo. Moshi ukabadilika rangi, banda likanuka chuma kilichoungua. Mshale wa geji ulilala kabisa, na bado Sajini alizunguka.

"Vumilia, kaka," Kimya alisema.

"Nipo," mlinzi akaitikia, akidhani ameambiwa yeye.

Hatimaye nesi alitokea mlangoni, mikono juu. "Wameshona! Zima!"

Kimya alizungusha swichi. Siku zote Sajini alipunguza mzunguko taratibu kabla ya kutulia. Safari hii alisimama ghafla, kwa mshtuko uliotikisa sakafu. Kimya alitia nondo kwenye gurudumu la injini akasukuma kwa mwili wote. Halikusogea. Mlinzi alivua kofia.

Shemeji alipopata nguvu za kukaa, Kimya aliketi kwenye benchi kando ya kitanda chake, akitazama vidole vya miguu yake.

"Mbona jana umeme ulikatika na sikumsikia mume wangu?" mjane aliuliza.

"Nimekata waya," alisema. "Sajini amekwama. Kaka alinikataza, nami nimekata."

Mjane alimgeukia. "Ulikata nikiwa mle ndani?"

"Ndiyo."

"Unajua, shemeji, miaka yote ile nilimwambia, wewe unampenda huyo Sajini kuliko mimi. Hakunijibu hata siku moja. Ninyi ukoo wenu hamna midomo." Alianza kucheka, akashika tumbo kwa sababu ya nyuzi. "Leo nimejibiwa."

Kicheko kikageuka kilio. Aligeuzia uso ukutani, mabega yakatikisika polepole, kwa kuilinda mishono. Kimya alitoa kitambaa chake cha mfukoni, akakiona kina oili, akakirudisha. Kisha akakitoa tena akampa hivyo hivyo, naye akakipokea, akakiweka usoni, akakinusa.