Nimemdanganya mjukuu wangu kuhusu kompyuta yake ili asiache kuja nyumbani

Nyie wajukuu wa kwenye simu, shikamoo zenu nimezisikia, marahaba. Sasa niambieni, mara ya mwisho kukanyaga kwa bibi zenu ni lini? Msinitajie msiba. Msibani mlifuata maiti, hamkumfuata bibi. Mmepotea mpaka mbwa wa nyumbani wanawabwekea kama wageni, halafu mnaandika humu kwamba mnawapenda wazee. Haya, nimewasema, nimemaliza. Nisikilizeni na mimi, maana nimekosa.

Nina miaka sabini na kidogo, ni mjane, naishi Singida nje kidogo ya mji. Shule sikwenda hata siku moja. Haya nimeyasema kwa sauti kwenye simu, admin ndiye kayaandika. Nimemlea mjukuu wangu wa kike tangu ana miaka mitatu, pale mama yake, binti yangu, alipofariki. Nitamwita Tatu, siyo jina lake. Sasa ana miaka ishirini na miwili, anasoma chuo Dodoma.

Tatu anacheza gemu la mpira kwenye kompyuta. Mwanzoni niliona ujinga mtupu, mtu mzima kukodolea macho kioo. Mpaka siku walipokuja vijana wanne wa mjini kushindana naye, wakatoka wamenuna wote. Mmoja akaniambia, "Bibi, huyu mtoto wako hana huruma." Nikamjibu, "Huruma ninayo mimi, kaa ule ugali ndio uende."

Kompyuta yenyewe ni ile kubwa ya mezani, ina sanduku lake na kioo chake, iko sebuleni kwangu. Hosteli wanalala sita chumba kimoja, hakuna pa kuiweka. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili, Ijumaa, anapanda basi anakuja. Akiiwasha inachukua muda mrefu kujiweka sawa. Muda huo anakuja jikoni, tunachambua mlenda, ananisimulia mambo ya chuo na ya kijana mmoja ambaye mimi simpendi. Ikiwa tayari anakimbilia sebuleni. Huo muda wa kuisubiri ndio unaonifanya niishi, nawaambia kweli.

Mwaka huu gemu jipya limegoma kabisa kufunguka, na chuo kimemchagua kwenye timu yao ya mashindano. Akaja kunikalisha. "Bibi, njia ni mbili. Niiongezee nguvu hii ya mezani, niiwekee kadi mpya ya picha, au ninunue laptop ya gemu. Laptop nitaibeba, nitafanyia mazoezi hosteli. Ila inachemka sana, na ikiharibika ndani ni shida. Hii ya mezani nabadilisha kipande kimoja kimoja."

Nikamuuliza, "Wewe moyo wako uko wapi?"

"Moyo hauna utaalamu huo, Bibi. Jumatatu fundi atakuja kuifungua, mimi nitakuwa kwenye mtihani. Atakalosema fundi ndilo tutafanya. Nisikilizie."

Njia yoyote kati ya hizo, pesa hakuna mpaka auzwe dume wa ng'ombe aliyeko zizini kwangu. Na dume ni wake. Mama yake alimwachia mtamba mmoja, na huyu dume ndiye uzao wa mtamba huyo. Mimi ni mchungaji tu.

Fundi akaja. Akaifungua, akapuliza vumbi, akachungulia na tochi, akatikisa kichwa. "Bibi, ubao wake wa ndani ni wa zamani. Kadi anayoitaka haitakaa. Ni sawa na kumfungia punda jembe la trekta. Mwambie asipoteze ng'ombe wake, achukue laptop. Mimi nimempigia, simu imezimwa."

Nikasema nitamwambia.

Jioni Tatu akapiga. "Shikamoo Bibi. Fundi kasemaje?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya ile kompyuta. Nikamwambia, "Kasema ubao ni mzima. Kadi itakaa. Ongezea hii hii." Maneno ya fundi nilikuwa nayo yote kichwani, nikayageuza moja moja.

Akacheka. "Bibi, wewe ungesoma ungekuwa injinia. Basi Ijumaa nakuja, Jumamosi tunampeleka dume mnadani."

Jana fundi kanipigia. "Bibi, ulimfikishia?"

"Nimemfikishia."

"Kasemaje?"

"Kashukuru."

Yaani uongo umeshazaa, na hata wiki haujamaliza.

Siyo kwamba nataka ashindwe. Nikimfikiria kauza dume wa mama yake, kadi imefika na haikai, wenzake wanaondoka kwenda mashindanoni yeye anawaangalia, nachukua simu nimpigie. Nikifikiria laptop ndani ya begi, Ijumaa imefika na yeye yuko hosteli anacheza huko huko, simu nairudisha mezani. Mimi sijui kama anakuja kwangu au anakuja kwa kompyuta. Miaka miwili sijathubutu kumuuliza. Nikisema ukweli, ndipo nitajua.

Leo ni Jumatano. Nipeni maneno ya kumwambia mtoto kabla dume hajafika mnadani, au niambieni ninyamaze hivi hivi. Na wewe ungekuwa Tatu, una laptop yako begani, ungerudi kwangu? Jibuni ukweli, msinipambe. Admin atanisomea yote.

Na nyie mliopotea, safari ijayo mkienda kwa bibi fikeni mapema, kaeni chini, simu wekeni mbali. Akiwauliza mmefuata nini, semeni mmemfuata yeye. Hata kama ni uongo, semeni.