Nilivyosomea Biashara kwa Vibuyu vya Adhabu

Kuosha kibuyu cha maziwa ni kazi ya wanawake, kila mtu hapa Natta anajua. Mimi ni mwanaume na naosha kuliko wote. Sijisifu. Haya, najisifu.

Mwalimu wangu ni bibi, na darasa lake lilikuwa adhabu. Nikimwigiza mchungaji anavyohubiri, kibuyu. Nikimvalisha mbuzi sketi ya dada, vibuyu viwili. Unaosha, unaanika, unachoma kijiti cha mzeituni mwitu, kisha unasugua ndani kwa ile ncha yenye moto mpaka kibuyu kinukie moshi. Bibi ananusa, anarudisha.

"Mume wangu, bado. Rudia."

Wenzangu wakipita nje ya uzio wananiuliza naolewa lini.

Mwaka juzi ukame ukatumalizia ng'ombe, akabaki mmoja mwenye ndama. Baba akasema hata huyo mnada ujao anakwenda. Bibi hakubisha. Aliacha tu kula, na hilo lilinitisha kuliko kelele zake zote.

"Baba, mwache. Nitauza maziwa yake," nikasema.

"Umuuzie nani? Kila mtu gulioni ana ndoo ya maziwa."

"Ya ndoo wanayo. Ya kibuyu hawana."

Akaguna. Kwa baba, huo ni mkataba.

Wateja niliowalenga ni wafanyakazi wa kambi za watalii, wanaoshuka gulioni wakiwa na hamu ya maziwa mgando ya nyumbani. Ila mzeituni mwitu uko mlimani, na mwarobaini uko mlangoni. Nikajiambia mti ni mti, nikasugulia mwarobaini.

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa kambi. Nikampa shikamoo, akaitika, akanywa, akaganda.

"Dogo, hii ni nini?"

"Maziwa na kinga ya malaria, mzee. Bei ileile."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Ile marahaba niliyokuitikia, nirudishie."

Nilirudi na vibuyu vimejaa. Bibi akaonja, akatema, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanikabidhi kibuyu.

"Rudia."

Mara hii nilipanda mlimani mwenyewe. Nilisugua kila kibuyu mara tatu, bila kosa lolote la kuadhibiwa, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika historia yangu. Gulio lililofuata nikamtafuta yule dereva kwanza, nikampa kikombe cha bure. Alinusa kabla ya kunywa, kama bibi kabisa. Akanywa, akanyoosha kikombe tena, akawaita wenzake. Kabla ya saa sita vibuyu vilikuwa vitupu.

Shuleni wanatufundisha kuwa mjasiriamali huanza na mtaji. Mtaji wangu ulikuwa utundu na bibi asiyeridhika, na kibuyu changu hakuna wa kukigusa gulio zima.

Siku ya mnada baba aliamka mapema, akavaa koti, akasimama zizini akimwangalia ng'ombe anavyotafuna. Halafu akachukua fimbo yake, akaenda mnadani na fimbo tu.