Posa Iliyozuiwa Kwenye Hoteli ya Private

Nilitoka Tanga kwa jambo moja: kupokea posa ya mdogo wangu Zainabu, anayeshona nguo mtaa wa Doornfontein, mjini huko kusini mwa bara. Baba ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii ni mimi. Zainabu alitaka nifikie kwenye chumba chake cha kupanga, mtaa wa La Rochelle. Nikakataa katakata. Walii gani anapokea posa kitandani kwa bibi harusi?

Mpakani Beitbridge tulipanga foleni juani mpaka miguu ikavimba. Nilijipa moyo kwamba Rosettenville, mtaa wa jirani na kwake, kuna hoteli inanisubiri, na kwenye picha yake ubaoni pameandikwa "private". Kwetu hospitali ya private, shule ya private, ni heshima tupu.

Rosettenville nilikuta chumba safi, ila hakuna baa wala sebule. Majirani zangu walikuwa wastaafu wanaoishi humo miaka nenda rudi. Nikaona ajabu.

Jumapili mchana mshenga, Mzee Salim wa Unguja, alifika na wenzake wawili, sinia limefunikwa kitambaa. Mama Odette, Mkongo anayesimamia hoteli, akawazuia getini.

"Papa, bageni habaingiake. Huku ni private."

"Mama, hawa wamekuja kuposa!"

"Private ni ya batu benye kuikala. Hakuna bar, hakuna bageni. Ukitaka bageni, enda ku hoteli ingine."

Nilipandwa na hasira. Wakwe nawapokea kupitia nondo, kama niko mahabusu! Mzee Salim akakunja uso. "Bwana, kama hamtutaki, semeni tu."

Posa ikirudi na sinia lake, nani atakuja tena? Nikampigia Zainabu.

"Eish, kaka, si nilikwambia? Walete."

La Rochelle wazee walikaa kitandani, mimi kwenye kiti cha cherehani. Zainabu hakuwa na pa kujificha, akabaki amesimama na birika mkononi. Nikaanza maneno yangu ya kuomba muda tukafikiri kama ukoo.

"Kaka," akanikatiza, "mimi nimeridhia. Umebaki wewe."

Wazee wakainamisha vichwa, nami nikaitikia.

Ndani ya basi la kurudi bado nilinung'unika. Ukiwa na ugeni wa kupokea, uliza kwanza nani anaruhusiwa kuingia, maana private ya kule ni nyumba ya wapangaji wake. Lakini jibu la Zainabu nililisikia kwa masikio yangu. Tanga angekuwa nyuma ya mlango, nami ningemsemea.