Rili Aliyoichagua Witness

Leonard alikuwa mvuvi wa nyavu tangu ujana wake, na macho hakuyaamini sana. Ukimletea wavu mpya hakuuliza umetoka wapi wala umenunuliwa kwa nani. Aliuvuta kidogo, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akasema, "Huu utakufikisha mbali," au, "Huu utakuaibisha." Kijijini kwao, kando ya Ziwa Kitangiri, upande wa Iramba, watu walimpelekea hadi kamba za ng'ombe azishike kwanza kabla ya kuzitumia.

Mkewe Witness alikuwa akikaanga samaki na kuwauza mnadani. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kununua jembe wala sufuria bila kumpa mumewe ashike kwanza. Siku moja tu ndiyo alinunua kitu peke yake, na ni siku hiyo ambayo hadi leo haijamtoka moyoni.

Kiharusi kilimkuta Leonard akiwa amekaa kivulini anashona wavu uliochanika. Aliinuka, akaanguka. Hospitali walimrudishia kauli yake na sehemu ya mwendo, lakini mkono wa kushoto ulibaki ukining'inia kama mkono wa koti, na mguu wa upande huohuo aliukokota. Kupiga kasia kukaisha. Kuvuta wavu kukaisha. Mtumbwi wake akaukabidhi kwa jirani yao Paschal, wakawa wanagawana kinachopatikana. Yeye mwenyewe akabaki anakaa mlangoni, uso ameuelekeza ziwani, na maneno yake yakapungua siku hadi siku.

Halafu akaja fundi mmoja wa barabara. Alikuwa kwenye kambi ya ujenzi iliyopigwa njia ya kwenda Shelui, na Jumapili alikuja ziwani na fimbo ndefu iliyofungwa mashine ndogo ya kukunjia mshipi wa kuvulia. Mashine hiyo aliiita rili. Aliirusha ndoano mbali kwa mkono mmoja, akaichomeka fimbo kwenye bomba la chuma alilokuwa amelisimika ardhini, na samaki aliponasa akazungusha rili kwa mkono uleule. Leonard alimtazama mchana kutwa. Jioni aliporudi nyumbani alizungumza zaidi kuliko alivyozungumza tangu augue.

"Mama Eliana, umeona? Mkono mmoja tu! Yule bwana mkono wake wa pili alikuwa ameshika chupa ya soda."

Kambi ilipohama, fundi alimwachia ile fimbo, kwa kuwa ncha yake ilikuwa imevunjika na alikwisha kupata nyingine. Rili akaondoka nayo. Leonard aliifunga ncha kwa uzi wa wavu, akailaza fimbo juu ya paa la jiko, akawa anaitazama.

Witness akaamua kumnunulia rili. Aliuliza huku na huku, akaambiwa Singida mjini kuna duka la zana za uvuvi ambalo huleta vitu hivyo. Siku ya safari Leonard aliamka mapema, akanyoa ndevu kwa taabu kwa ule mkono mzima, akavaa shati lake la kanisani.

"Unakwenda wapi?" Witness akamwuliza.

"Si tunakwenda mjini? Kitu hiki lazima nikishike mwenyewe. Nikikishika nitajua."

Witness alisimama na kikapu mkononi. Akamwambia safari ni ndefu, basi litamchosha, na daktari alisema apumzike. Yote yalikuwa kweli, lakini hayakuwa sababu. Sababu ni kwamba aliona haya. Alimwona akilini mwake akikokota mguu pale stendi ya Misuna, wapiga debe wakimpisha na kumtazama, mate yakimchuruzika pembeni mwa mdomo kama yalivyofanya akichoka. Hakutaka mumewe atazamwe hivyo. Wala hakutaka yeye atazamwe akiwa naye.

"Haya," Leonard akasema. Akaanza kufungua vifungo vya shati.

Duka lilijaa nyavu, kamba, maboya na ndoano za kila namna. Mwenye duka alikuwa kijana aitwaye Gasto. Alimwamkia Witness shikamoo, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka rili mbili juu ya meza. Bei zake zilikaribiana, na uwezo wa Witness ulizifikia zote mbili.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye rangi ya dhahabu, imeandikwa maandishi mengi ubavuni, na ilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Ya pili ilikuwa ndogo, nyeusi isiyong'aa, nzito kwa umbo lake, na boksi lake lilikuwa limefifia kwa kukaa sana rafuni.

"Mama, kama ni ya kazi, chukua hii nyeusi," Gasto akasema. "Mwili wake ni chuma, na meno yake ya ndani ni chuma. Zungusha uone. Hailii, haichezi. Hii ya dhahabu inapendeza, lakini ndani ni plastiki. Samaki wadogo itawaweza. Akija mkubwa, siwezi kukuahidi."

Witness alizungusha moja, akazungusha na nyingine. Vidole vyake havikumwambia kitu. Alichokisikia ni sauti ya akili yake ya mnadani: muuzaji akikusukumia kitu kilichokaa sana rafuni, jiulize. Yeye mwenyewe alikuwa akifanya hivyo kwa samaki wa jana. Tena aliwaza uso wa Leonard akifungua boksi. Mtu aliyeachwa nyumbani na shati lake la kanisani, umpelekee kitu cheusi kama sufuria ya zamani?

"Nipe ya dhahabu," akasema.

Gasto hakubishana. Aliuhamisha mkono wa kuzungushia kutoka kushoto kwenda kulia, Witness alipomweleza hali ya mgonjwa, akamjazia mshipi, akamfungia.

Leonard alifurahi. Hilo Witness hulikumbuka pia, kwa sababu lilikuwa kweli. Paschal alimsimikia bomba ufukweni, mahali ambapo maji ya masika yalikuwa yamesogea karibu kabisa na njia, na kila asubuhi Leonard alikokota mguu hadi pale. Alirudi na perege wanne, watano, siku nyingine wawili. Aliwamwaga mbele ya mkewe, akakaa wima kwenye kiti kama mtu aliyetoka kazini. Rangi ya uso ilimrudia. Hata mate yaliacha kumtoka.

Zilipopita wiki chache akaanza kuisikiliza ile rili. Aliishika karibu na sikio, akaizungusha polepole.

"Inasaga," akasema jioni moja. "Sikia. Kama kinu kilichoingia mchanga."

Witness alikuwa jikoni, mafuta yanamrukia. "Kila kitu kipya kinalia, baba Eliana. Kitazoea."

"Hiki hakizoei. Kinaliwa. Pale dukani hapakuwa na nyingine?"

Swali lilimchoma kwa sababu lilikuwa na jibu. Angeweza kusema ndiyo, ilikuwepo nyeusi, twende tukaibadilishe. Badala yake hasira ikamtangulia.

"Wewe uliyekaa hapa mlangoni, unajua nini cha dukani? Nimesafiri, nimechagua, nimekuletea. Sema asante basi."

Leonard alimtazama kidogo. Akaiweka rili chini, akasema, "Asante." Tangu siku hiyo hakuitaja tena. Aliendelea kwenda nayo ziwani, na alipoizungusha, aliizungusha kwa uangalifu, kama mtu anayemwongoza punda mgonjwa.

Asubuhi ya kambare ilikuwa tulivu, maji hayana hata kikunyanzi. Paschal, aliyekuwa mtumbwini si mbali, ndiye aliyesimulia yote. Alisema fimbo ilijikunja mpaka ncha ikagusa maji. Leonard akaanza kuzungusha, akicheka kwa sauti, akiita, "Paschal! Paschal, njoo umwone huyu!" Kambare akaonekana mara moja, mgongo wake mpana mweusi, kisha akazama. Ndipo kikasikika kitu kikikatika ndani ya rili, ko, kama mtu aliyevunja kijiti. Mkono wa kuzungushia ukawa unazunguka bure na mshipi ukawa unakimbia.

Leonard hakuweza kumwacha. Mvuvi gani angeweza? Aliudaka mshipi kwa kiganja chake kizima, akauviringisha mara moja kwenye vidole, akavuta. Samaki naye akavuta. Mshipi ulizama kwenye nyama. Mguu mbovu ukateleza, akaanguka kifudifudi ndani ya maji, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umefungwa na mwingine haukuwa na uhai, hakuweza kujiinua. Maji yalimfika magotini tu mtu akisimama. Paschal aliruka, akaukata mshipi kwa kisu, akamgeuza uso juu.

Witness aliwakuta wamemlaza majanini. Alikuwa anatapika maji, na kiganja kilikuwa wazi hadi kwenye kano. Rili ya dhahabu ilikuwa bado kwenye fimbo, inang'aa kwa jua la asubuhi. Hakuna aliyemlaumu. Leonard mwenyewe alisema kitu kimoja tu walipokuwa wakimpandisha kwenye pikipiki kwenda zahanati: "Alikuwa mkubwa kweli yule."

Kidonda kilichukua kiangazi chote. Kilipopona, vidole viwili vya mwisho vilibaki vimekunjwa, havinyooki. Lakini vingine vitatu vilifanya kazi, na siku moja Witness alimtolea shati la kanisani, akamwambia, "Jiandae. Tunakwenda mjini wote."

Alikokota mguu pale Misuna, na wapo waliomtazama. Witness alimshika mkono. Alishangaa jinsi jambo lile lilivyokuwa dogo, watu kutazama kidogo kisha kuendelea na mambo yao, na mshangao huo ulimuumiza kuliko macho yao.

Rili nyeusi ilikuwa bado rafuni. Leonard aliipima uzito kiganjani, akaizungusha mara moja, akafumba macho, akaizungusha tena. Hakuuliza bei.

"Hii," akasema. Kisha akamgeukia Gasto. "Ilikuwepo siku zote?"

Gasto alimtazama Witness, akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta boksi. 

Walipokwenda ziwani kesho yake, maji hayakuwepo pale. Mvua zilikatika mapema mwaka huo na jua lilikuwa kali, ziwa likarudi nyuma likaacha tope pana ambalo hata mtu mzima wa miguu lilimmeza hadi gotini. Bomba lilisimama peke yake kwenye udongo uliopasuka. Leonard alikaa kwenye ukingo, fimbo mapajani, mpaka jua lilipopanda. Masika yaliyofuata maji yalirudi, lakini nguvu za kutembea mpaka pale zilikuwa zimemwishia. Alikwenda mara mbili, akibebwa na Paschal kwa baiskeli. Mara ya pili alisinzia kabla ya kurusha ndoano, akaomba arudishwe.

Siku hizi hutoka mpaka mlangoni tu. Witness anaendelea kukaanga samaki, wengi wao wa Paschal. Jioni moja alizima moto, akaja akakaa kwenye mkeka miguuni pa mumewe, akamwambia kwa Kinyiramba, kwa kuwa kwa Kiswahili maneno yaligoma, kwamba siku ile hakumwacha kwa sababu ya daktari. Alimwonea haya. Na kwamba dukani aliambiwa ukweli, akaukataa.

Leonard alikuwa amefumba macho, mtu angedhani amelala.

"Ulipoona nimevaa shati ukanitazama vile, nilijua," akasema. "Na kijana wa duka alipoinamisha kichwa, nikajua la pili."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umenihangaikia."

Witness alilia. Angependa agombezwe. Angependa hata kusukumwa, kuambiwa ni wewe uliyenikata mkono, ni wewe uliyenipotezea masika yale, ambayo ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Leonard hakusema hata moja kati ya hayo. Aliuweka mkono wake wa vidole vitatu juu ya kilemba cha mkewe, akauacha hapo, na baadaye kidogo akauliza kama samaki wote wamekwisha kuuzwa au kuna aliyebaki.

"Kuna mmoja," Witness akasema, akainuka kwenda kuuwasha moto upya.