Picha ya Mgongo wa Bibi

Nina kinyongo na neno moja, na nimekitunza vizuri tangu miaka ile ya soko huria. Neno lenyewe liko kwenye mtandao mpaka leo, chini ya picha ya bibi yangu mzaa mama, limeandikwa na mtu aliyepanda milima yetu kwa ubabe wa kuazima. Mnivumilie, sina mpango wa kulieleza kwa upole.

Wakati huo kiwanda nilichokuwa karani wake kule Kihonda kilikuwa kimepata mwekezaji, na mwekezaji hakuwa na haja na makarani. Tulipunguzwa kazini kwa mkupuo. Wenzangu wengine walirudi makwao, wengine wakaingia kwenye mitumba, mimi nikafungua kijiduka cha intaneti karibu na soko. Kompyuta zangu nazo zilikuwa mitumba, zilitoka Dar zimeviringishwa kwenye magodoro, na zikiwaka zilinguruma kama mashine ya kusaga. Laini ya simu ilikatika ikijisikia. Umeme ulikuwa wa mgao. Hata hivyo wanachuo walijaa, na mimi nilikaa mlangoni kwenye kiti changu nikijiona mwenye kiwanda.

Mama alikuwa akishuka kutoka milimani, huko juu ya Bigwa, na ndizi na magimbi, na akimaliza kuuza hupitia kwangu kunywa chai. Biashara yangu hakuipenda. Alisema hajapata kuona watu wazima wanalipa ili wanyamaze. Aliniita "mama," kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na kwetu mtu hamwiti mzazi wake kwa jina, hata jina hilo likihamia kwa mtoto. Tangu nizaliwe sikuwahi kulisikia jina langu likitoka mdomoni mwa mama yangu. Niliitwa na wengine wote, siyo yeye.

Siku moja dada mmoja wa chuo, aliyekuwa anaandika utafiti wake kuhusu mmomonyoko wa udongo milimani, alifungua hifadhi ya picha za zamani iliyoko Ulaya. Picha zilipigwa na bwana shamba wa Kizungu siku za mkoloni, na sasa zilikuwa zimewekwa mtandaoni kila mtu azione. Akaniomba nimchapie kadhaa. Zikatoka kwenye printa taratibu, nikazitandaza mezani wino ukauke, nikaenda kumtengea mama chai.

Niliporudi na kikombe nilimkuta amesimama, tenga bado liko mkononi. Alikuwa ameokota karatasi moja. Ilikuwa picha ya mwanamke aliyegeuka, uso huuoni kabisa: mgongo, kaniki, jembe begani, na mbele yake mlima umechongwa matuta ngazi kwa ngazi.

"Huyu ni mama yangu," alisema.

Nilicheka. Nikamwambia, mama jamani, huyu hana uso, anaweza kuwa mtu yeyote. Alinitazama jinsi anavyomtazama mteja anayebonyezabonyeza ndizi halafu asinunue.

"Wewe umekulia mjini," akasema. "Kwenu barabara ni pana, mnatembea sambamba mnatazamana. Sisi njia ya kuteremka sokoni inamchukua mtu mmoja. Mama yuko mbele, mimi niko nyuma na mzigo wangu, tangu alfajiri mpaka tunatua Bigwa. Na kurudi hivyohivyo. Uso wake nilikuwa nauona usiku, kwenye moshi. Mgongo huu ndio niliokuwa nauona mchana."

Akaniwekea kidole kwenye karatasi. Hebu tazama bega la kushoto, limeshuka. Tazama jembe, amelishika kwa mkono wa kushoto, bibi yako alikuwa wa mashoto na walimpiga sana utotoni aache, hakuacha. Tazama kisigino hicho kinavyotazama nje, aliungua na uji wa moto akiwa mdogo. Dada wa chuo alikuwa ameacha kompyuta yake, anasikiliza. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai kinaniunguza na sikukiweka chini. Hatukuwa na picha ya bibi nyumbani, hata moja. Nilikuwa natembea na jina lake sijui hata alikuwa mrefu au mfupi.

"Hapo chini wameandika nini?" mama akauliza.

Kilikuwa Kiingereza. Nikamsomea kwa Kiswahili: mwanamke wa Kiluguru, mwenye haya mbele ya kamera, kwenye kazi ya matuta.

Mama aliweka tenga chini. "Rudia," akasema, nikarudia. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kusimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia, na aliisimulia kwa hasira kana kwamba ilitokea asubuhi ile.

Shamba lile, alisema, lilikuwa la lukolo lwetu, yaani la ukoo, na kwa Waluguru ukoo ni wa upande wa mama. Bibi alilipata kwa mama yake, ambaye naye alilipata kwa mama yake. Serikali ya mkoloni ikaja ikasema watu wote wachimbe matuta, wapende wasipende. Watu walichimba huku wananung'unika, maana walikuwa wanageuza udongo mzuri kuufukia na kuleta juu udongo uliokufa. Siku ya picha ile bwana shamba alikuja na kamera. Akawapanga wanawake mstari, akawaambia wainue majembe na wacheke. Wengine walicheka, watafanyaje. Bibi akaweka jembe begani, akageuka, akaondoka zake juu ya tuta lile lile. Ndipo kamera ikalia.

"Jioni walimfuata," mama alisema. "Akalala rumande mjini. Mimi nilibaki kwa mama mdogo, nalia, siku zote hizo nalia. Aliporudi hakusema kitu, alichukua jembe akaenda shamba. Sasa leo mtu ananiambia aliona haya? Haya alikuwa nazo, za kumwonea mkwe wake. Mtu hafungwi rumande kwa kuona haya."

Sikuwahi kumwona mama yangu analia mbele ya mtu. Siku hiyo machozi yalitoka na hakuyafuta, aliyaacha yashuke tu, ananitazama mimi kama ndiye niliyeandika. Roho iliniuma sana. Nikamwambia nitawaandikia wenye picha zao walitoe hilo neno, nikaahidi kwa mdomo mpana kabisa.

Anwani yao ilikuwa pale pale kwenye ukurasa, na ombi kwamba anayemtambua mtu yeyote pichani awajulishe. Nikawajulisha. Sikumung'unya maneno, niliwaeleza habari yote ya rumande, nikaomba waandike kwamba mwanamke huyu alikataa kupigwa picha. Mama alikuwa pembeni yangu. Akaniambia niongeze: wakilitoa neno la haya, yeye mwenyewe atawatajia jina la mama yake, kwa mdomo wake. Niligeuka nikamtazama. Nilijua anatoa nini. Wao hawakujua.

Jibu lilikuja baada ya muda, limeandikwa vizuri, limejaa shukrani. Walifurahi mno kusikia kutoka kwa familia. Walihitaji jina, mwaka wa kuzaliwa, na kwa kuwa uso hauonekani, picha nyingine yoyote ya kulinganisha.

"Picha ya kulinganisha," mama akasema. "Mtu alifungwa kwa kukataa picha, halafu wanataka nyingine." Kisha akaniambia nikodi kamera, kesho tunapanda shambani.

Tulipanda. Alitangulia yeye, nami nikafuata nyuma na kamera ya kukodi shingoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitembea nikiutazama mgongo wa mama yangu kweli kweli. Tulipofika shambani matuta yalikuwa yameshabomoka zamani, maharage yanateremka na mteremko kama yalivyokuwa yanateremka kabla ya bwana shamba kuzaliwa. Jabali lililoko pembeni kabisa ya picha lilikuwepo pale pale, na ufa wake. Mama akaomba jembe kwa jirani, akaliweka begani, akanipa mgongo.

"Piga," akasema. "Si wanataka kulinganisha."

Nilitazama kwenye kamera. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Niliipeleka filamu studio, picha nikaiingiza kwenye skana, nikawatumia pamoja na maelezo ya jabali. Nilicheka peke yangu wakati inapanda mtandaoni, na laini ilivyokuwa ya kobe nilipata nafasi ya kucheka sana.

Jibu la pili ndilo lililotugombanisha. Wamekubali, waliandika. Jabali limewaridhisha, picha ya mama imewagusa, nao wako tayari kuweka jina. Ila maneno ya chini ya picha ni ya mpiga picha mwenyewe, nayo ni sehemu ya historia, hawawezi kuyagusa. Wataweka jina la bibi mwanzoni, halafu maneno yatafuata kama yalivyo. Wakaniandikia hata mfano, na mahali pa jina wakaacha nafasi, ili nione litakavyokaa.

Mimi nilitaka tukubali. Nasema wazi, nilitaka kweli. Nilimwambia mama, neno moja tu hilo, nani atalisoma? Jina litaonwa na dunia nzima. Picha zote zile za watu wetu, mamia ya watu wamesimama hawana majina, mwanamke, mchukuzi, kikundi cha wenyeji, na bibi peke yake atakuwa na jina. Na jina hilo ni langu pia, nikasema, nimelibeba maisha yangu yote, nina haki ya kuliona pale.

Mama akashika kiuno.

"Sasa hivi pale ni mwanamke asiyejulikana ndiye aliyeona haya," akasema. "Uongo huo hauna mwenyewe. Ukiweka jina unampa mama yangu. Unamvisha. Atakaa nao mpaka mwisho wa dunia, na wewe ndiye utakayekuwa umemvisha."

"Historia, mama. Wanasema ni historia."

"Aliyeandika alikuwepo siku moja. Mimi nilikuwepo zote. Yake ni historia, yangu ni nini? Umbea?"

Nilikasirika. Nilimwambia amekuwa king'ang'anizi, kwamba anatupa bahati. Akachukua tenga lake, akaondoka bila kunywa chai. Nikaanza kuandika kuwakubalia, peke yangu. Nikaandika salamu, nikaandika asante. Nikafika kwenye ile nafasi waliyoiacha, nikaandika jina langu, ambalo ni lake. Nikalisoma na maneno yaliyofuata, yote kwa pamoja, kwa sauti: fulani, mwanamke wa Kiluguru, mwenye haya mbele ya kamera.

Wateja waligeuka. Nililisikia lile neno likinikaa mwilini. Ilikuwa kama kutukanwa sokoni, ukiitwa kwa jina kabisa ili watu wajue ni wewe. Mimi, niliyepunguzwa kazi nikasimama tena, mimi nione haya? Mbele ya nani? Nikafuta herufi moja moja mpaka jina likaisha, kisha nikafuta na asante.

Mama aliposhuka siku ya soko iliyofuata nilimtilia chai nikamwambia akae aniambie niandike nini. Hakunisuta, na angeweza. Akaniambia niandike hivi, nami niliandika hivyo hivyo: Mama yangu hakuwapa uso wake. Mimi siwapi jina lake. Siku mkiandika kwamba alikataa, njooni tuzungumze. Akaniuliza kama imeshakwenda, nikamwambia imekwenda, akanywa chai yake.

Waliandika tena, kwa masikitiko, na upole wao ule ule. Neno halikutoka. Mama yangu alifariki neno likiwa bado pale, na kila mwaka nafungua ule ukurasa kulitazama, nalikuta, nawaandikia upya. Wanaojibu sasa ni watu wengine, vijana, hawajui chimbuko la ugomvi. Wananijibu kwamba ombi langu limepokelewa. Vizuri, nami bado nipo.

Karatasi iliyotoka kwenye printa siku ile dada wa chuo aliniachia. Nilikata maneno ya chini kwa mkasi, nikaitundika ukutani juu ya kiti changu, na ile ya mama pembeni yake. Migongo miwili na jabali moja. Wateja huniuliza ni akina nani hawa wasiotaka kutuona, nami huwataja wote wawili kwa majina kamili, la mama nalo, mwiko au si mwiko, kwa sauti, na sababu ya wao kugeuka.

Wewe unayesoma hapa sikutajii, na usinune. Maandishi yanasafiri, na mimi sijui yataishia chini ya picha gani. Ukilitaka jina la bibi yangu njoo Bigwa, nitakupandisha mpaka shambani nikutajie pale pale alipogeukia. Njia ni ya mtu mmoja mmoja, mimi nitatangulia.